Mkalimani wa Sinema katika Nchi ya Majani Chai: Filamu za Miaka ya 1970 na Lugha ya Kambini, Kericho na Bomet

1. Utangulizi

Kila linapozuka suala la sinema za kigeni katika Afrika ya Mashariki, wahakiki wetu wamezoea kuuliza: filamu hizo zimewafanya nini watu wetu? Majibu yanajulikana. Zimewafundisha vijana ukorofi, zimewavisha mavazi yasiyo ya kwao, zimewasahaulisha ngano za wazee wao. Hatusemi kwamba majibu hayo ni ya uongo. Tunachosema ni kwamba swali lenyewe limeegemea upande mmoja, kwa sababu linamchukulia mtazamaji kuwa mtungi mtupu unaongoja kujazwa. Makala haya yanakusudia kuligeuza swali hilo na kuuliza: watu wetu walizifanya nini filamu hizo? Na kwa kuwa jarida hili ni la lugha, tutauliza hasa walizifanya nini kwa ndimi zao.

Tumechagua nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1970, ambayo ndiyo hasa tunayoizungumzia, sehemu hizo mbili zilikuwa wilaya moja ya Kericho. Bomet ilitengwa kuwa wilaya mwaka 1992, na leo kila moja ni kaunti. Mahali hapa panafaa uchunguzi wetu kwa sababu mbili. Kwanza, kambi za mashamba makubwa ya chai zimewakutanisha watu wa lugha nyingi: Wakipsigis wenyeji, Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Pili, Kiswahili, ambacho ndicho kilichowaunganisha, hakikuwa lugha ya mama ya karibu yeyote kati yao.

Hoja yetu ni kwamba katika mazingira hayo filamu haikuathiri utamaduni kwa picha zake peke yake. Aliyeifanya iwe na maana ni yule mtu aliyesimama kando ya pazia, kipaza sauti mkononi, akaisema kwa Kiswahili. Mtu huyo hana nafasi katika historia za sinema, na katika historia za fasihi yetu hatajwi kabisa. Tunadai kwamba anastahili kuwamo katika zote mbili.

2. Shamba na sinema

Kilimo cha chai kwa biashara kubwa kilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, pale kampuni ya Brooke Bond na ile ya African Highlands Produce, iliyokuwa chini ya James Finlay ya Scotland, zilipopanda mashamba yao katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamepokonywa na serikali ya kikoloni. Kuchuma majani chai, majani mawili na chipukizi, ni kazi ya mikono mingi, na tena ni kazi isiyo na msimu mmoja: penye mvua ya kutosha, kama ile ya alasiri inayojulikana sana Kericho, mchai huchipua mwaka mzima. Basi kampuni zilihitaji vibarua wa kukaa. Zikajenga kambi, zikagawa nyumba, zikaweka manyapara, na hatimaye zikalazimika kufikiria vibarua hao watafanya nini jua likisha kutua.

Si ajabu basi kwamba fikra ya sinema ya Mwafrika katika nchi zetu ilizaliwa shambani. Mwaka 1926 Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa akisimamia mashamba ya mkonge katika Afrika ya Mashariki, aliwaza kwamba sinema ya shambani ingesaidia kuwaweka vibarua katika hali ya kuridhika. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Bantu Educational Kinema Experiment, jaribio lililofanyika baina ya 1935 na 1937 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, likisimamiwa na Notcutt pamoja na G. C. Latham kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, na gari la sinema likazitembeza Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Jambo la kuangaliwa na mwanaisimu ni hili: maelezo ya filamu hizo yalirekodiwa katika sahani za santuri, mbali na picha, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali. Tangu mwanzo, basi, picha ilikuwa moja na ulimi ulikuwa mwingine.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, akaeneza nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Filamu za kwetu, alisema, ziende polepole, zisikatwekatwe, kamera isihamehame, wala pasiwe na hila za picha. Kitengo hicho kilifungwa mwaka 1955, lakini nadharia yake iliishi zaidi yake. Marshall McLuhan aliisambaza duniani katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, alipokisimulia tena kisa cha John Wilson juu ya wanakijiji wa Kiafrika walioonyeshwa filamu ya usafi. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba katika filamu yao mlikuwamo kuku. Walipoichunguza picha baada ya picha, wakamkuta, amekatiza pembeni kwa nukta chache.

Kisa hiki kimetajwa mara nyingi kama ushahidi wa upungufu wa mtazamaji. Sisi tunakiona kuwa ushahidi wa kinyume chake. Kuku alikuwamo. Wanakijiji waliona kilichokuwapo ambacho mwenye filamu mwenyewe hakukiona. Filamu ilikuwa na shabaha yake, nao wakaichukua kwa shabaha yao.

3. Santuri kabla ya sinema: mfano wa Chemirocha

Kabla ya kufika kwenye miaka ya 1970 hatuna budi kutaja tukio moja la eneo hili hili, maana linatufundisha namna jamii inavyompokea msanii wa mbali. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwenye njia ya kutoka Kericho kwenda Sotik, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha. Huyo alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi nchini Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika katika vilima hivyo kwa njia ya santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimfanya Chemirocha kuwa nusu mtu, nusu paa.

Mabadiliko ya jina hilo hayakutokea ovyo. Kikalenjin hakitofautishi maana kwa sauti ghuna na zisizo ghuna kama kifanyavyo Kiingereza. Kwa hiyo konsonanti ya kwanza ya jina la Jimmie ikawa ch. Lakini baada ya kuwa ch, silabi hiyo ikafanana na kiambishi che-, ambacho Wakipsigis hukisikia kila siku katika majina kama Cherono na Chebet. Jina geni likapata umbo la wenyeji, na lilipopata umbo likapata na uhai. Mgeni alikuwa amepewa uraia kwa kanuni za fonolojia.

Tunataja jambo hili ili kuonyesha kwamba gari la sinema lilipofika halikuwakuta watu wasiojua la kufanya na kitu kigeni. Liliwakuta watu wenye mazoea.

4. Mkalimani na kazi yake

Katika maonyesho ya wazi, pazia lilifungwa kwenye uwanja wa mpira au kwenye ukuta, jenereta ikanguruma, watu wakaketi majanini. Kampuni za chai ziliihesabu sinema miongoni mwa starehe za vibarua, pamoja na mpira wa miguu na ukumbi wa kambi. Baada ya uhuru yakaja pia magari ya wafanyabiashara, ambayo yalionyesha filamu bure ili yapate kutangaza sabuni, mafuta ya kupikia na dawa. Filamu nyingi zilizopendwa zilisema Kiingereza, Kihindi au Kichina kilichotiliwa Kiingereza. Si kwamba filamu za Kiswahili hazikuwako kabisa: mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilitoa filamu kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, na Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alikuwa mmoja wa waigizaji wa wakati huo. Lakini zilikuwa chache mno. Pengo baina ya pazia na hadhira lilibaki, na mkalimani ndiye aliyelijaza.

Tunamwita mkalimani kwa kukosa neno bora, maana kazi yake ilizidi ukalimani. Mkalimani wa baraza au wa mahakama hufungwa na maneno ya msemaji. Huyu wa sinema mara nyingi hakuweza kuyasikia maneno yenyewe, na pengine lugha ya filamu hakuijua. Alichokuwa nacho ni picha, kumbukumbu ya maonyesho yaliyopita, na hadhira iliyomkabili. Kutokana na hivyo alitunga.

Yafaa tuzipambanue kazi zake tatu. Ya kwanza ilikuwa kutaja. Mhusika wa filamu huwa na jina ambalo hadhira haiwezi kulishika. Mkalimani alimpa cheo mahali pa jina. Shujaa akawa stelingi. Neno hili, linalotumika kote Afrika ya Mashariki kwa matamshi yanayotofautiana kidogo, limetokana na lile neno la Kiingereza lililoandikwa mwanzoni mwa filamu, mbele ya jina la mwigizaji mkuu. Kwa Kiingereza ni kitenzi. Watazamaji wetu, walioliona kila mara likimtangulia shujaa, waliliona kuwa ni cheo chake, wakalifanya nomino, wakaliundia wingi, wakaliwekea na kanuni: stelingi hafi. Kanuni hii fupi ni nadharia nzima ya usimulizi, na haikufundishwa na mwalimu yeyote. Vivyo hivyo neno chale, kwa maana ya mchekeshaji, huhusishwa na Charlie Chaplin, ambaye filamu zake zisizo na maneno zilipendwa sana katika maonyesho ya magari tangu wakati wa ukoloni.

Kazi ya pili ilikuwa kuhamisha mahali. Tajiri wa Hong Kong na askari wa Texas hawana maana mpaka wapewe makao katika maisha ya msikilizaji. Mkalimani akisema nyapara, karani, mizani, kipande au laini, tayari amekwisha kuihamisha filamu na kuileta shambani. Hapa tafsiri inakuwa ufafanuzi, na ufafanuzi unaweza kuwa hukumu.

Kazi ya tatu ilikuwa kushirikisha. Hadhira iliuliza, mkalimani akajibu. Ikaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, naye akasema stelingi amesikia. Mtindo huu ni ule ule wa mtambaji wa ngano anayedai kuitikiwa. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), waliziweka fasihi na maonyesho chini ya paa moja. Mkalimani wa sinema alikuwa amekwisha kuingia chini ya paa hilo bila kualikwa.

5. Filamu za kareti na kambi ya vibarua

Miaka ya 1970 ilikuwa miaka ya Bruce Lee. Filamu zake zilizompa umaarufu hazizidi vidole vya mkono mmoja: The Big Boss (1971), Fist of Fury na Way of the Dragon (1972), na Enter the Dragon (1973), iliyotoka baada ya yeye kufariki Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32. Filamu hizo chache, pamoja na nyingi zilizoziiga, zilienea Kenya nzima, mijini na mashambani. Kwa nini yeye? Jibu la haraka ni kwamba vijana hupenda mapigano. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa mapigano yalikuwako pia katika filamu za makaboi, zilizotangulia miaka mingi.

Hebu tuitazame The Big Boss kama ambavyo ingetazamwa kutoka kambini. Kijana anaondoka kwao kwenda nchi nyingine kutafuta kazi. Anapokewa na binamu zake, wote vibarua, wanaoishi pamoja katika nyumba moja. Wanafanya kazi katika kiwanda cha barafu. Wawili kati yao wanagundua siri ya tajiri, kwamba ndani ya barafu hufichwa dawa za kulevya, nao wanatoweka. Wenzao wanadai kujua waliko. Hawapati jibu, wanagoma. Msimamizi analeta majambazi wawapige. Kijana wetu amemwapia mama yake kwamba hatapigana, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha kiapo hicho. Kidani kinakatwa katika vurumai, naye anapigana. Ndipo tajiri anapofanya hila kubwa kuliko zote: hamfukuzi, bali anampandisha cheo awe nyapara. Anaalikwa karamuni, anakunyweshwa pombe, na kesho yake wenzake hawamwamini tena.

Kibarua wa Kericho hakuhitaji kufundishwa maana ya hadithi hii. Kuacha kwao na kufuata ndugu aliyetangulia kazini, kulala wengi nyumba moja, kumwona mwenzako wa jana akipewa cheo na kuanza kusema kwa sauti ya bwana: hayo yote ni maisha ya kambi. Kiapo kwa mama na kidani cha shingoni navyo ni vitu ambavyo ngano zetu zinavijua chini ya majina ya mwiko na hirizi. Katika Fist of Fury kuna kibao kwenye lango la bustani ya Shanghai kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia, na stelingi anakivunja kwa teke. Nchini Kenya, ambako ubaguzi wa rangi hotelini na mahali pa starehe ulikuwa wa juzi tu, teke hilo lilieleweka bila mkalimani.

Notcutt alitaka sinema ya kuwaridhisha vibarua. Nusu karne baadaye, filamu iliyopendwa kuliko nyingine ilikuwa ya vibarua wanaogoma. Hatudai kwamba iliwafundisha kugoma. Wafanyakazi wa chai wa Kericho waligoma kabla ya Bruce Lee kujulikana, na chama chao cha wafanyakazi wa mashamba kiliundwa mwaka 1963. Tunachodai ni kwamba filamu ilipewa maana na uzoefu uliokuwako, na kwamba lugha iliyofanya kazi ya kuunganisha filamu na uzoefu ilikuwa Kiswahili.

Haya yanaonekana pia katika filamu za Kihindi, kama Sholay ya 1975, ambamo wanakijiji wanaoonewa na jambazi Gabbar Singh wanatetewa na wahalifu wawili waliokodiwa. Na yanaonekana katika filamu iliyoufunga muongo huo, ile ya Sharad Patel juu ya kuinuka na kuanguka kwa Idi Amin (1981), iliyopigwa Kenya na kuigizwa na Mkenya Joseph Olita. Hapo kwa mara ya kwanza adui wa kwenye pazia alikuwa jirani, na watazamaji walikwisha kumsikia redioni.

6. Hukumu na tahadhari

Pasiwe na mtu atakayedhani kwamba tunaisifu sinema ya kambini bila kuona dosari zake. Magari ya matangazo hayakuja kwa ajili ya sanaa, yalikuja kuuza. Kazi ya ukalimani ilishikwa na wanaume, na mwanamke, ambaye mkono wake ulichuma majani sawa na wa mwanamume, alikuta kwenye pazia na katika maelezo ya mkalimani nafasi ya kuokolewa au ya kuchekwa tu. Wazazi waliolalamika kwamba watoto wanapigana mateke njiani hawakuwa wakisema uongo.

Kuna na hoja ya wasomi wa lugha. Kiswahili cha mkalimani kiliitwa kibovu. Upatanisho wa ngeli ulilegea, msamiati ulichanganywa na Kiingereza, Kikalenjin na Kiluo, na wengine walikihesabu kuwa mtoto wa Kisetla. Lakini tofauti ni kubwa. Kisetla kilikuwa lugha ya kuamrisha; kilihitaji vitenzi vichache, navyo katika hali ya amri. Mkalimani alisimulia kwa saa mbili. Alihitaji nyakati za vitenzi, masharti, ukanushi, kejeli, usemi wa taarifa, na maneno ya kutaja hofu, tamaa na majuto. Alilazimika kukitaka Kiswahili kifanye kazi ambayo shambani hakikuwahi kuombwa kuifanya. Kwa wasikilizaji wengi, hasa wasiokwenda shule, uwanja wa sinema ulikuwa moja ya mahali pachache ambapo waliisikia lugha hii ikitumika kwa raha, si kwa amri wala kwa mahubiri.

7. Hitimisho

Katika miaka ya 1980 video ilianza kuingia. Pazia la uwanjani likapungua, kikaja chumba chenye televisheni na viti vya mbao. Mkalimani hakufa, alibadili mahali. Anayesikiliza leo filamu zinazosimuliwa na DJ Afro nchini Kenya, au zile zilizosimuliwa na Lufufu nchini Tanzania na VJ Jingo nchini Uganda kwa Kiganda, anamsikia mjukuu wa yule aliyesimama kando ya pazia. Tofauti ni kwamba sauti ya mjukuu imehifadhiwa. Ya babu ilipotelea katika hewa ya usiku pamoja na mngurumo wa jenereta.

Hasara hii inatuhusu sisi zaidi ya mtu mwingine. Idara zetu zimetuma wanafunzi kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za jando, na zimefanya vyema. Taaitta Toweett aliyaandika mapokeo ya Wakipsigis, na H. A. Mwanzi historia yao, wote katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ambayo mkalimani alikuwa akifanya kazi yake bila kuandikwa na yeyote. Tuliamini kwamba fasihi simulizi ni ile iliyorithiwa, na kwamba kisemwacho mbele ya mashine hakiwezi kuwa chake. Waliokuwa vijana uwanjani wakati ule sasa ni wazee wenye miaka sabini na zaidi. Wengi wao wanaweza bado kuisimulia filamu ya kareti kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa maneno ya mkalimani, si ya filamu. Wakiulizwa waliona nini kwenye pazia lile, pengine watatuambia kuku. Safari hii tuwe na daftari mkononi, na tumwandike kuku huyo kwa jina alilopewa na wao.